Nusu Kikombe cha Mama

Mtu akikuambia amepona kichwa kabisa na hamshuku mtu yeyote, mtazame vizuri. Ama anakudanganya, ama hajawahi kuishi kwenye ploti, vyumba vya kupanga vilivyobanana ua mmoja. Mimi sijapona namna hiyo. Kila mwezi naenda kliniki, nadungwa sindano yangu, narudi nyumbani Mowlem, hapa Nairobi, kupika. Bado nashuku. Namshuku muuza maziwa kwamba anaongeza maji. Namshuku mwenye nyumba akisema pampu imeharibika. Hata wewe unayesoma nakushuku, kwamba una mtu wako nyumbani na unataka uambiwe atapona lini. Sijui atapona lini. Ninachoweza kukueleza ni jinsi nilivyorudi kula ndani ya nyumba yangu mwenyewe, maana hilo ndilo lililonishinda kuliko yote, na nilipolipata mengine yalifuata polepole.

Naitwa Rispa. Mimi ni fundi wa cherehani katika soko la Gikomba, kazi yangu ni kupunguza mitumba. Makoti ya watu wanene wa ng'ambo nayafanya yawatoshe watu wembamba wa hapa. Mume wangu, Baba Debora, ni Mkamba, dereva wa lori la kiwanda cha sabuni. Tuna binti mmoja, Debora, ambaye wakati huo alikuwa shule ya msingi. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia, jiko upande huu na kitanda upande ule.

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye makoti, kabla tu ya mvua ndefu. Mteja akileta koti, nilianza kuhisi kwamba amenishonea kitu ndani ya bitana. Sikujua ni kitu gani. Nilijua tu ni changu na ni kibaya. Basi nikawa nafumua bitana yote kutafuta. Nisipopata kitu sikutulia. Kutopata kulinionyesha kwamba wamekitoa kabla sijafika. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliuchukua msemo huo nikaufanyia kazi kwa mkasi. Wateja walikuja kuchukua makoti wakakuta matambara. Vijana wa vibanda vya jirani walinitania kwanza.

"Sasa mathe, unatafuta dola?"

Baadaye wakaacha kunitania, wakawa wanasogeza viti vyao mbali. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa, lakini mimi niliona ni ushahidi.

Kutoka makoti kikaja chakula. Niliona ugali una rangi. Niliona Baba Debora akinitazama ninavyotafuna. Nikaacha kula nyumbani, nikawa nanunua ndizi zenye maganda na mayai ya kuchemsha, vitu vilivyofungwa na Mungu mwenyewe. Wakati mvua inamalizika sketi yangu ilikuwa inashikwa na pini. Waumini wa kanisa letu walikuja wakaniombea mchana kutwa, nami nilimshuku yule aliyefumba macho sana. Mwishowe shemeji zangu wawili walinishika mikono, mmoja huku mmoja huku, tukaenda hospitali.

Sitaeleza mengi ya wodini. Nitasema tu nilitoka nikiwa mtulivu na mwenye chupa ya vidonge. Vidonge vile vilinituliza kweli, na vikanichukulia mikono. Kidole gumba kilikuwa kikisuguana chenyewe na vidole vingine, kama mtu anayepukuchua mahindi. Ulimi ulikuwa mzito. Udenda ulinitoka, nikawa naweka leso begani kama mama wa mtoto mchanga. Nilitembea hatua fupi fupi, miguu ikiburura. Na sindano ya cherehani, sindano ambayo nimeitia uzi tangu nikiwa msichana, sikuweza kuitia uzi. Debora alikuwa ananitilia akitoka shule. Nililia kwa ajili ya uzi ule kuliko nilivyolilia wodi.

Kwa nini sikurudi kumwambia daktari? Kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba kuna dawa ya kutuliza mtetemeko ule. Nilidhani ndiyo bei yake. Baridi ya Julai ilipoingia nikaanza kuvitupa vidonge chooni, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mikono ikarudi. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, na katikati ya furaha ile makoti yakaanza tena kuninong'oneza.

Ndipo Baba Debora alipomwita mama yangu.

Mama alishuka kutoka Kakamega na kuku mmoja, kikapu cha njugu, na sauti yake ile ya kuamuru. Aliniangalia mlangoni nilivyokonda, akaweka kikapu chini.

"Rispa, nani anakupikia?"

"Hakuna."

"Basi kuanzia leo ni mimi."

Lazima nikueleze desturi moja ya kwetu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa. Kwetu, mtu hakupi kinywaji bila kukionja. Aliyetengeneza ndiye anayeanza. Anapiga funda mbele ya macho yako, kisha anakupa, nawe unajua kwamba kama kuna kifo humo, mmekishiriki. Nimemwona mama akifanya hivyo kwa wageni tangu nikiwa mdogo, na hata kwetu sisi watoto akitupa uji. Baba yangu alipokuwa hai, mama alimwonjea. Hakuna mtu kwetu anayeona ni ajabu. Ni kama kubisha hodi.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza alinikorogea chai, akapiga funda lake, akaninyoshea kikombe cha bati. Mimi nilikitazama. Funda moja halikunitosha.

"Onja tena," nikamwambia.

Akaonja.

"Tena. Kunywa nusu."

Mama yangu si mtu wa kuamrishwa na mtoto. Lakini aliniangalia mashavu, yalivyoingia ndani, akanywa mpaka nusu. Ndipo nikapokea nikanywa iliyobaki. Ilikuwa ya maziwa na tangawizi, na nilikuwa na njaa ya miezi. Nilimaliza, nikaomba nyingine. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria. Chai ya asubuhi, uji wa jioni, mama anywe nusu, mimi nusu. Cha mtu mwingine sikugusa.

Na nikaanza kupata nafuu! Hilo ndilo nililolishangilia mwezi mzima. Nililala. Bitana zikawa bitana. Mikono ilitetemeka kidogo, nikasema ni udhaifu wa njaa. Nilirudi Gikomba, nikapata mteja mmoja, kisha mwingine. Niliporudi jioni nilimwambia Baba Debora kwa kiburi: "Unaona? Sikuwa na haja ya vidonge vyenu. Nilikuwa na haja ya mama." Alijibu, "Naona," akainama kufungua viatu. Alichukua muda mrefu sana na viatu vile. Nikaandika hilo kichwani. Mtu mwenye shuku hasahau viatu.

Wakati ule ule mama alianza kuzeeka ghafla.

Alikuja akiwa mwanamke wa kubeba mtungi wa maji kutoka bombani bila kupumzika. Baridi ilipoisha alikuwa anatembea kwa kuburura. Alisinzia kanisani, kidevu kifuani, yeye ambaye alikuwa akiwafinya wanaosinzia. Jirani yetu Mama Kioko alisema ni maji ya Nairobi. Mwingine akasema ni malaria ya nyumbani imemfuata. Baba Debora alisema ni umri. Alilisema haraka mno.

Mimi niliona kitu kingine: kuna mtu anamdhuru mama yangu. Nikaanza kumlinda. Nilikagua unga. Nilinusa mafuta. Nilimshuku Mama Kioko, masikini, ambaye kosa lake lilikuwa kutuletea siku moja bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Niliuangalia ule muthokoi nikautupa, nikarudisha bakuli nikisema ulikuwa mtamu sana.

Kisha Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni nikipindua shingo ya shati. Jua limeingia mpaka ndani. Mama alikuwa kwenye kigoda akichambua sukuma wiki, na nikaona mkono wake wa kushoto, ule ambao haukuwa na kazi. Kidole gumba kilikuwa kinasuguana na vidole vingine. Kinapukuchua mahindi ambayo hayapo. Nikainua macho, nikaona leso begani kwake. Aliiweka lini? Pembe moja ilikuwa imelowa.

Mwili wangu ulijua kabla yangu. Mtetemeko ule siukosei, nimelia nao, nimeshindwa kutia uzi nao. Niliendelea na shati langu, nikangoja chai.

Siku hiyo mama alishindwa kushika birika. Alijaribu, ikagonga ukingo wa kikombe, chai ikamwagika kwenye makaa. Baba Debora, aliyekuwa anajiandaa kwenda zamu yake, akasema, "Kaa mama, mimi nitamimina." Akaenda nyuma ya pazia na kikombe. Akarudi. Akaninyoshea.

"Onja," nikamwambia.

Alitabasamu. "Mimi nimeshiba, Mama Debora."

"Sijauliza kama umeshiba. Onja."

Alikitazama kikombe. Nilimwona anawaza, na nilimwona anaangalia funguo za lori mezani. Mume wangu ni dereva mwangalifu, hanywi hata dawa ya kikohozi siku ya kazi. Chai ikawa inatoa mvuke kati yetu. Debora alikuwa kwa jirani, namshukuru Mungu.

"Nimechelewa kazi," akasema.

"Kwani funda moja huchukua saa ngapi?"

Kabla hajajibu, mama alinyoosha mikono yake miwili inayotetemeka, akakichukua kikombe kutoka kwake. Akanywa. Alikunywa kama kila siku, mpaka nusu, chai nyingine ikimteremka kidevuni. Kisha akanipa.

"Kunywa, mwanangu."

Nikaweka kikombe sakafuni.

"Ni vile vidonge," nikasema. "Mmeviponda."

Baba Debora akainama, akaanza kufungua viatu alivyokuwa amevifunga sasa hivi.

"Tangu lini?"

"Tangu nije," mama akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakitoka taratibu. "Baba Debora aliuliza kwenye duka la dawa. Wakamwambia vikiwa ndani ya chai huwezi kujua."

"Ulikuwa unakufa, Rispa!" Baba Debora alipiga kelele, mtu ambaye hapigi kelele. "Unakula ndizi! Ndizi na mayai, miezi mingapi? Ningefanya nini mimi? Niambie wewe ungefanya nini!"

Sikumwangalia. Nilimwangalia mama.

"Na wewe ulijua unachokunywa?"

"Nilijua."

"Ungeweza kukataa kuonja. Ungeweza kuzuga tu."

Mama aliniangalia kama vile nimesema tusi mbele ya wageni. "Nimekuzaa," akasema. "Ningekupa vipi kitu ambacho mimi mwenyewe sijakionja?"

Nilitoka. Nilienda kwa miguu nikafuata Kangundo Road mpaka karibu na Komarock, kwenye zile nyumba zinazofanana zote, nikakaa juu ya jiwe pembeni mwa barabara. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Lakini nataka uelewe, hasa wewe ambaye unafikiria kumpondea mtu wako dawa: hasira haikuwa kitu kibaya zaidi. Kibaya zaidi ni kwamba nilikuwa sawa. Miezi yote waliniambia, Rispa, hakuna mtu anayekuwekea kitu kwenye chakula, ni ugonjwa. Na kitu kilikuwepo. Sasa kama chakula kilikuwa kweli, je, makoti? Je, yule muumini aliyefumba macho sana? Kila kitu kilirudi kubisha hodi pale kwenye jiwe, na kila kimoja kikawa na barua ya utambulisho kutoka kwa mume wangu.

Nilikaa mpaka jua likawa la utosi. Kilichonitoa pale ni kuukumbuka mkono wa mama. Nilijaribu kuwaza kwamba hata mama yumo katika njama, na nilishindwa. Mtu wa njama hanywi sumu yake kila siku asubuhi na jioni mpaka udenda umtoke. Nilipekua jambo lile kama bitana, huku na huku, sikupata kitu kilichofichwa, na kwa mara ya kwanza kutopata kulinitosha.

Pia niligundua jambo ambalo nimeliishi tangu siku ile. Shuku ya ugonjwa huja na jibu lake mkononi, haitaki kuuliza mtu. Ile ya chai ilikuwa tofauti: niliona mkono, nikangoja, nikauliza, nikajibiwa. Siku hizi nikishuku, najipima hapo. Kama niko tayari kuuliza na kukubali jibu nisilolipenda, basi ni shuku ya kawaida tu ya mtu wa mitaa yetu ya Eastlands. Kama sitaki kuuliza, naenda kliniki kabla ya siku yangu.

Jumatatu nilimpeleka mama hospitali. Ndiyo, mimi ndiye niliyempeleka. Tulikaa kwenye lile benchi refu, mimi nimeshika leso yake, tukiwa nyuma ya mwanamume aliyekuwa akiimba kwa sauti ndogo na mbele ya msichana aliyekuja na sare ya shule na mama yake mwenye macho mekundu. Tulipofika dirishani karani aliuliza, "Mgonjwa ni yupi hapa?" Mimi nikamwonyesha mama, mama akanionyesha mimi. Benchi zima likacheka, hata yule wa kuimba. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kucheka mahali pale.

Sista aliyetuona alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akavua miwani, akapangusa macho, na sikujua analia au anacheka. Alimwambia mama akiacha chai yangu, mkono utatulia. Kwangu hakuanza na mahubiri. Aliuliza, "Kinachokushinda ni dawa, au ni mtetemeko?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza habari ya uzi. Akasema kuna kidonge kidogo cha mtetemeko, na daktari anaweza kupunguza kiasi. Akasema pia ipo dawa ya sindano, unadungwa mara moja kwa mwezi.

"Hiyo haipiti jikoni?" nikamuuliza.

"Haipiti jikoni."

Daktari alipoiandika, nikamwangalia sista anavyofungua kichupa. Nilimwambia anionyeshe jina, akanionyesha. Nilimwambia asubiri kidogo, akasubiri. Ndipo nikageuka nidungwe.

Usidhani kutoka hapo mambo yalinyooka. Sindano ilininenepesha, nikajipunguzia nguo kwa kwenda kinyume, naongeza badala ya kukata. Wiki ya mwisho ya kila mwezi huwa na usingizi mbovu. Wapo wateja ambao hawakurudi, na wapo wanaoleta koti huku wamelishika upande mmoja wasiliachie. Mimi na Baba Debora tulilala kitanda kimoja kwa muda mrefu kama abiria wasiojuana. Hakupika. Aliogopa hata kuninyoshea maji. Nilimsamehe kidogo kidogo, si kwa siku moja, na kuna siku nauchukua msamaha wangu naurudisha kabatini. Lakini mvua za vuli zilipoanza, nilirudi kutoka kazini nimelowa, nikamkuta amesonga ugali. Alikata pande, akalila mbele yangu, akatafuna, akameza, macho yamenikodolea kama mwanafunzi kwenye mtihani. Sikumwambia ale. Alikula mwenyewe. Nikavuta sahani.

Kama una mtu wako, nakuomba kitu kimoja. Usimfiche. Nilipona kwa chai ile, sikatai, na huenda ningekufa bila hiyo. Lakini ilikuwa karibu kunipokonya mama, mume na nyumba kwa mpigo. Muulize kinachomshinda. Huenda ni uzi tu.

Mama alirudi Kakamega mvua zilipokatika. Kwa wiki nyingi mkono wake ulikuwa umetulia, miguu imeacha kuburura, na alikuwa ameanza tena kufinya watu kanisani. Asubuhi ya safari niliamka mapema nikamkorogea chai mimi mwenyewe, ya maziwa na tangawizi, katika kile kikombe cha bati. Nikampelekea kwenye kigoda chake. Alinyoosha mkono kupokea, na mkono ukasimama njiani.

Haikuwa muda mrefu. Lakini nilimwona akiangalia kikombe, kisha uso wangu, kisha kikombe. Macho yale nayajua. Ni yangu.

"Sijasema kitu," mama akasema, kwa aibu.

"Najua, mama."

Nikakirudisha kikombe mdomoni mwangu, nikanywa. Sikupiga funda moja la adabu. Nilikunywa mbele ya macho yake mpaka nusu, chai moto ikiniunguza ulimi, kisha nikampa.

Akachungulia ndani. "Rispa, kwetu huwa tunaonja. Nani alikufunza kunywa nusu?"

"Wewe."

Akanywa yote, kisha akaninyoshea kikombe nimwongezee.